Hesabuni masikio, si nyimbo

Vijana wangu mnaoingia kwenye redio ndogo za mtandaoni hapa Kisumu, nawapenda, lakini nimechoka kusikia "wimbo huu tumeshaulipia" kama mtu aliyenunua muwa Muhoroni.

1. Kwa wasikilizaji walio Marekani, mrabaha wa rekodi, yaani malipo ya mwenye rekodi, hutozwa kwa kila wimbo unaomfikia kila msikilizaji. Juzi kijana wetu mmoja alileta bajeti: nyimbo 15 kwa saa, saa 24, mara dola 0.0021, kiwango kilichotumika mwaka 2021 kwa stesheni za biashara zisizotoza ada. Jibu lake likawa senti 76 kwa siku, akalipigia mstari mwekundu. Nikamwambia afungue ukurasa wa seva unaoonyesha idadi ya wasikilizaji. Ohangla, muziki wetu wa Kiluo, inapendwa na ndugu zetu walioko Dallas na Minneapolis; wastani ulisoma wasikilizaji 100. Akazidisha: dola 75.60 kwa siku. Akazidisha tena kwa mwaka, ikapita 27,000. Kalamu akaiweka chini polepole. Tangazo la duka la simu pale Kondele halifiki huko hata robo.

Mpiga nyatiti wa Siaya alipwe, tena alipwe vizuri. Kinachoniuma ni kwamba FM za Marekani hazimlipi mwenye rekodi hata senti kwa matangazo ya hewani, ilhali kadiri stesheni ndogo ya intaneti inavyopendwa ndivyo deni linavyonenepa. Makubaliano ya stesheni ndogo za huko kulipa asilimia ya mapato yalipokwisha mwaka 2015, Live365, jukwaa lililobeba maelfu ya stesheni hizo, lilizima mitambo Januari 2016.

2. Hapa nyumbani, kumlipa mtunzi si kumlipa aliyeimba. Kuna vyama vya kukusanya mrabaha: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi na wachapishaji, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji ala. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisheni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, inamtambua mwaka huu huyo anayewadai.

3. Logi, yaani orodha ya nyimbo mlizopiga, ijazwe siku hiyohiyo: jina la wimbo, msanii, albamu, lebo. "Benga ya zamani" si jina la wimbo!

4. Wekeni kikomo cha muda kwa msikilizaji asiyegusa kitu, maana hata akilala, kila wimbo unaomfikia unahesabiwa. Na yule aliyemwomba binamu yake wa Dallas aache stesheni ikipiga usiku kucha ili idadi ionekane nene, ampigie simu leo aizime.