Maswali ya Wasomaji: Treni Zilizokataa Kubeba Bunduki

SWALI: Mhariri, salaam. Barazani kwetu wazee wa bandari na reli hubishana. Mmoja anashikilia kwamba Ireland Waingereza waling'olewa na wafanyakazi wa reli, si kwa bunduki. Kweli?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Mzee wenu ana nusu ya ukweli, tena nusu tamu. Mei 1920 makuli wa bandari ya Dublin waligoma kupakua silaha za jeshi la Uingereza, siku chache baada ya wenzao wa London kukataa kuipakia meli Jolly George silaha za kwenda Poland. Askari wakapakua wenyewe, lakini shehena ikakwama palepale: watu wa reli hawakukubali kuivuta. Baadaye wakaongeza kwamba hata askari mwenye bunduki hasafirishwi.

Utamu uko kwenye utaratibu. Reli yenyewe haikugoma. Dereva alifika kazini, injini ina moto. Akisikia behewani mna askari wenye silaha, haondoi treni. Wakishuka, safari inaendelea. Wasiposhuka, treni inalala stesheni. Aliyekataa ndiye aliyefukuzwa, wenzake wakabaki kazini, na michango ikawatunza waliotolewa, ambao mwishowe walipita 1,000. Jeshi nalo halikuwa na watu wa kutosha: injini ya mvuke inataka dereva na mchochea makaa, nyuma yupo gadi, njiani watu wa ishara. Likabaki na malori, na huko barabarani wapiganaji wa IRA, jeshi la Waairishi waliopigania uhuru, walikata miti, wakachimba mitaro na kuvizia.

Kilichoharibu ni hiki: askari walianza kupanda makusudi, njia moja baada ya nyingine ikafungwa, na biashara ya raia ikaumia kuliko jeshi. Desemba 1920 wafanyakazi wakakubali kubeba tena. Vita vya uhuru vilisimama 11 Julai 1921, kwa hiyo bunduki nazo zina fungu lao, mzee apende asipende.

SWALI: Baada ya hapo Ireland yote ikawa huru?
Msomaji, Pongwe

JIBU: La. Mkataba na Uingereza wa 6 Desemba 1921 uliwapa Waairishi utawala wao, lakini kaunti 6 za kaskazini, kati ya 32, zilibaki Uingereza. Wabunge waliapa utii kwa mfalme, jambo lililochochea vita vya wenyewe kwa wenyewe 1922. Bandari tatu, Cobh, Berehaven na Lough Swilly, zilishikwa na Uingereza kwa ajili ya jeshi lake la majini hadi 1938. Jamhuri kamili ilikuja 1949.