Ripoti yangu ya dagaa imelala halmashauri. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu hapa Mwanza. Pamoja na wanafunzi wangu tumefanya utafiti kwenye mialo (sehemu za kushushia samaki ufukweni) ya Ilemela, tukilinganisha dagaa wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa juu ya chanja, yaani vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Wa chanja walikauka upesi, hawakuwa na mchanga, na wanunuzi wa Mwaloni Kirumba waliwapa bei nzuri zaidi. Mwezi Mei nilipeleka ripoti kwenye halmashauri moja ya kando ya ziwa. Nilipokelewa vizuri, barua ikagongwa muhuri, nikaambiwa "tutalifanyia kazi". Hadi leo kimya. Sisi watafiti tufanye nini ili serikali itusikie? Na fedha za utafiti zenyewe zitaongezwaje? Au niende redioni nikaseme?
Mhadhiri, Mwanza

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimefanya kazi ofisi za mipango za halmashauri mpaka nikastaafu, kwa hiyo naweza kukusimulia kinachotokea baada ya muhuri. Ripoti inakwenda masijala, inawekwa kwenye jalada, inapanda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi anaandika pembeni kwa kalamu: "Afisa Uvuvi, pitia, unishauri." Afisa Uvuvi naye ana leseni za mitumbwi, ana doria, na anadaiwa makusanyo ya mwezi. Akifungua anakuta majedwali na Kiingereza cha jarida la nje. Anaifunga, ataisoma kesho. Hapo hakuna aliyekukatalia, na ndiyo maana hujapata jibu.

Halafu umepeleka Mei! Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini hela huwa zimeshagawanywa zamani. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa mpango na bajeti na ukomo wa kila fungu miezi mingi kabla, halmashauri zinaanza kukusanya mapendekezo ya kata mwishoni mwa mwaka, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili mjadala uko Dodoma bungeni. Mwezi Mei hata mkurugenzi akikupenda vipi hana pa kuingiza chanja zako, labda achomoe kitu cha diwani fulani, na hathubutu. Rudi Oktoba au Novemba.

Utakaporudi, acha ripoti nyumbani. Beba ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa namna ambayo Afisa Uvuvi anaweza kuunakili kwenye dokezo lake kwenda kwa mkurugenzi. Aya ya kwanza tatizo: masika wanawake wa mwalo wanapoteza dagaa kwa sababu mchanga haukauki. Aya ya pili mlichokiona. Ya tatu ndiyo watafiti wengi wanairuka: bei. Chanja moja ya miti na wavu inagharimu shilingi ngapi, inabeba ndoo ngapi za dagaa wabichi, inadumu misimu mingapi kabla miti haijaoza, na wavu ukitoboka nani anaubadilisha, ni BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo au mwenye dagaa? Pendekezo lisilo na gharama haliwezi kupewa kasma (kifungu chake cha matumizi), na lisilo na kasma halipo kwenye bajeti, basi.

Kwa chanja zako kuna njia nyingine ya karibu zaidi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kaa na afisa maendeleo ya jamii, mwandikie kikundi cha akina mama andiko zuri lenye takwimu zako. Vikundi vingi vinanyimwa kwa sababu andiko ni bovu, na wewe kuandika ndiyo kazi yako.

Sasa nikupe mfano wa hapa hapa kwetu, maana vijana wa siku hizi hawaujui. Mwaka 1991 ulianza utafiti vijijini mkoani Mwanza: je, kutibu vizuri magonjwa ya ngono kunapunguza maambukizi ya Ukimwi? Matokeo yalitoka 1995. Katika miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizopata huduma hiyo na 1.9 kwenye zile za kulinganishwa, yaani pungufu ya kama asilimia 40. Dunia nzima ilisikiliza. Lakini ninachotaka ukione ni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Hawakujenga kliniki yao. Walitumia vituo vya afya na zahanati za serikali, wakawafundisha watumishi waliokuwepo kutibu kwa kuangalia dalili bila kungoja maabara, wakahakikisha dawa zinafika. Mwaka 1997 ikachapishwa hesabu ya gharama: takriban dola 218 kwa kila ambukizo lililozuiwa. Mtu wa hazina hapo ana cha kujadili.

Na mwaka 1999, ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, watafiti wengine walitibu watu wazima wote kwa mkupuo, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Wataalamu walibishana miaka kwa nini matokeo ya sehemu mbili yalipishana. Kwa hiyo nawe ujiandae kwa yule diwani atakayesema "mwalo wetu upepo wake ni tofauti". Mwambie wazi mlipimia wapi na msimu gani. Ukijitia kujua ya ziwa zima watakukamata.

Kuhusu fedha za utafiti kwa jumla, nitasema kwa ufupi kwa sababu mhadhiri mmoja hapo hana nguvu. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iliundwa kwa sheria ya 1986, na mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, unategemea sana kile Hazina inachotoa. Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Itumieni ahadi hiyo, lakini kwa pamoja: chuo chenu, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), watu wa NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), mkae na wabunge wa kanda ya ziwa kabla ya bunge la bajeti, mkiwa na mfano mmoja ambao mpiga kura wao anaujua. Dagaa wanafaa sana. Mpeni mbunge swali lililoandikwa tayari, na la nyongeza lisilokwepeka: wizara imetenga kiasi gani, kitatoka lini? Jibu la waziri linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, na mwakani mnamwuliza tena kwa maneno yake mwenyewe.

Redioni usiende kwanza. Mkurugenzi akisikia jina la halmashauri yake hewani asubuhi, jalada lako halitoki tena kabatini, nawajua. Ukishapata nafasi kwenye rasimu ya bajeti, hapo nenda, tena nenda na mama mmoja wa mwalo aeleze mwenyewe alivyouza. Madiwani wanasikiliza redio kuliko wanavyosoma makabrasha ya vikao.