Maswali Yenu: Triga za Flashi kwenye Kamera za Filamu

Barua zimerundikana tena, na nusu yake zinauliza swali lilelile kuhusu triga, vile vifaa vinavyoiwasha flashi kamera inapopiga. Naanza nalo ili liishe.

Nina Canon AE-1 na triga mpya za redio. Filamu nzima, kila picha imekuwa nyeusi upande mmoja. Triga ni mbovu?

Triga haina kosa. Hukusema ulipiga kwa kasi gani, lakini nabashiri 1/125 kwenda juu. AE-1 mwisho wake na flashi ni 1/60 ya sekunde. Ukiifunga flashi ya Canon yenyewe, kamera inajipangia hiyo 1/60. Ukifunga triga haijui kitu, inafuata ulichozungusha. Pazia za shata yake, yaani za kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga kwenda kwenye filamu, ni mbili, za kitambaa, zinakimbia kwa upande. Ukizidisha kasi, la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na flashi inakuta mwanya tu.

Kabla hujaunguza filamu nyingine, toa filamu, vua lenzi, fungua mlango wa nyuma. Elekeza flashi kwenye ukuta mweupe, weka jicho nyuma ya kamera, bonyeza. Kwa 1/125 utaona mstatili umekatwa, upande mmoja una giza. Shuka 1/60, uone mstatili mzima. Ukiona ukingo wa giza bado, triga yako inachelewa, shuka 1/30. Dakika mbili tu, na hakuna anayefanya! Mnanunua triga ya pili, kisha ya tatu.

Pentax K1000 pia ni 1/60. Nikon FM2 za mwanzo 1/200, zilizofuata 1/250. Pentax 67 ni 1/30, na wenye nayo ndio walalamishi wakubwa.

Triga zangu zina HSS, ile ya kutumia flashi kwa kasi za juu. Nikizitumia kwenye kamera ya mwaka 1975 nitapiga 1/1000?

Hapana. Kamera hiyo haiongei na flashi, inaunganisha nyaya mbili tu. Kama unataka kasi, tafuta kamera yenye shata ndani ya lenzi. Lenzi zenye shata za Hasselblad za mfululizo wa 500 huoana na flashi hadi 1/500.

Flashi inawaka kila nikibonyeza Rolleiflex yangu ya miaka ya 50, lakini filamu imetoka tupu.

Angalia kile kiswichi kidogo pembeni ya lenzi. Kiko M, sivyo? M ni ya balbu za kizamani zilizochukua muda kushika moto, kwa hiyo kamera inaziwasha kabla shata haijafunguka. Flashi ya siku hizi inakuwa imeshazima shata ikifunguka. Weka X. Na ukiona V, hiyo ni ya kujipiga mwenyewe, iache.

Triga inaweza kuunguza kamera yangu ya zamani?

Mnaogopa upande usiostahili. Kamera inakutana na volti chache za triga tu. Anayeumia ni kipokezi, ile triga ya upande wa flashi, ukikipachika kwenye flashi kuukuu. Vivitar 283 za mwanzo zinatoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake. Pima kwa mita ya umeme kwanza, halafu linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye maelezo ya triga.

Kishikio cha juu ya kamera yangu hakina kipande cha chuma katikati.

Basi triga haipati ishara hapo juu. Tumia waya kwenye tundu la PC, lile dogo la waya wa flashi kwenye kamera. Hizo herufi ni Prontor na Compur, majina ya shata za Ujerumani. Tundu likiwa na kutu flashi itawaka inapotaka yenyewe, kwa hiyo lisafishe kabla hujamlaumu mtu.

Nitumie f ngapi, yaani tundu la lenzi liwe kubwa kiasi gani?

Umbali gani? ISO gani? Flashi gani? Haya, chukua namba ya nguvu ya flashi, ile ya mita kwa ISO 100, gawanya kwa umbali. Ikiwa 32, na mtu yuko mita 4, ni f/8. Filamu ya ISO 400 inaizidisha namba hiyo mara mbili, basi f/16. Hiyo ni flashi tupu kwa nguvu zote. Ukiweka mwavuli, fungua stopu mbili hivi (kila stopu huongeza mwanga mara mbili). Na kama ni negativu ya rangi, ongeza nusu stopu bila hofu. Filamu ya slaidi haisamehe.