Maswali ya Wasomaji: Wafugaji wa kuhamahama ni wakaidi kweli?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Hivi kwa nini karibu kila serikali inagombana na wafugaji wa kuhamahama? Mjomba wangu anasema ni ukaidi, hawataki maendeleo.

JIBU: Nzuri ndugu, mjomba msalimie ila hapo namkatalia. Serikali inaishi kwa kuhesabu watu, yaani kodi, jeshi, shule, vyote vinataka mtu ajulikane anakaa wapi, sasa huyu nyasi zikiisha kashahama na mali yake yote inatembea, karani wa kodi atamshikia wapi? Ishu ndo hiyo.

Alafu kuhama sio uzururaji, malisho hayawi sehemu moja mwaka mzima. Iran miaka ya 1930 mfalme Reza Shah aliwalazimisha makabila ya wafugaji, Waqashqai, Wabakhtiari na wengine, watulie sehemu moja, askari wakazuia safari za msimu, mifugo ikafa kwa wingi, na alipong'oka 1941 wengi wakarudi kuhama kama kawa. Kazakhstan ndo balaa zaidi. Chini ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Sovieti, mifugo ilikusanywa kwenye mashamba ya pamoja ambako hakuna lishe ya kutosha wala mabanda ya kuikinga na baridi, mingine ikachukuliwa ikalishe miji, na njaa ya 1930 mpaka 1933 ikaua watu kama milioni 1.5, wengi wao Wakazaki wenyewe. Maendeleo hayo!

Na kuna nyakati wafugaji ndo walikuwa serikali, Wamongolia walikuwa wafugaji wa kuhamahama, na Kublai, mjukuu wa mfalme wao Genghis Khan, alitawala China nzima.

Kuelewana kunawezekana lakini. Mwaka 1751 Sweden na Denmark (iliyokuwa inaitawala Norway) zilipochora mpaka ziliweka kiambatisho kwenye mkataba cha kuwaruhusu Wasami, wafugaji wa kaskazini mwa Ulaya, wavuke na kulungu wao wa kufugwa (reindeer) kila msimu, hata nchi zikiwa vitani. Mfugaji anafika, anataja idadi ya kulungu, analipa ada kidogo, anapita, serikali imepata hesabu yake naye kapata malisho. Shida ilikuja pale Urusi, iliyokuwa inaitawala Finland, ilipofunga mpaka na Norway 1852, Wasami wa Norway wakakatwa na malisho yao ya baridi Finland, familia kibao zikahamia upande wa Sweden na kuwa raia wa huko ili tu waendelee kuingia Finland, na 1889 mpaka wa Sweden na Finland nao ukafungwa.