Seva peke yake haitoshi

Kaka, umeuliza kwa nini kampuni ya mchezo wa risasi wa mtandaoni isiwazuie wachakachuaji, yaani wanaotumia programu za kudanganya, kwenye seva yenyewe (kompyuta kuu inayoendesha mchezo), badala ya kuweka mlinzi kwenye kompyuta zetu. Risasi na uhai, sawa, seva inahakiki. Shida ni kuona adui aliyejificha. Sisi wa Kampala tukicheza kwenye seva za Ulaya, taarifa huchukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, kwa hiyo seva hulazimika kukutumia alipo adui kabla hajachomoza kwenye kona. Taarifa hiyo ikishafika kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta yako, programu ya mchakachuaji inaisoma na kumchora adui nyuma ya ukuta. Ndiyo maana mwaka 2020 Riot, kampuni ya mchezo wa Valorant, waliiweka Vanguard, programu yao ya kunasa wachakachuaji, ndani kabisa ya Windows, ikiamka pamoja na mashine. Mimi sikubali mchezo upewe mamlaka hayo kwenye kompyuta za kafe za intaneti, ambako watu hufungua hata akaunti za benki.