Meza ya Mfinyanzi: Vigae, Bati au Mbao?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na dada yangu tumefungua karakana ndogo ya ufinyanzi mjini Morogoro, na kila Jumamosi tunafundisha watoto. Meza yetu ni ya mbao za kuungwa, nasi tumeiwamba turubai la pamba ili udongo usigande. Jioni tunafagia na kukung'uta, lakini asubuhi vumbi jeupe limerudi palepale. Fundi mmoja anatushauri tubandike vigae, mwingine anasema tupige bati. Tumsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada zangu, kabla ya kumwita fundi yeyote, wekeni ufagio kando. Udongo wa kufinyangia una silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na chembe zake zinazodhuru zaidi ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Mkifagia udongo mkavu hupaa na kuelea hewani kwa saa kadhaa. Vumbi mnalolikuta asubuhi ni lile zito lililowahi kutua, ilhali lile jepesi mmekwisha kulivuta ninyi na watoto. Likivutwa kwa miaka mingi huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya.

Kwa hiyo livueni turubai hilo. Mtu akilipiga kiganja mara moja jua la asubuhi likiingia dirishani, ataona kitu kama moshi mwembamba kikipanda kutoka kwenye nyuzi, kwa kuwa kitambaa hunywa uji wa udongo kila siku na kuutoa ukiwa unga. Mkihitaji kitambaa cha kusukumia udongo, tumieni kipande kidogo kinachofuliwa kwa maji kila jioni.

Vigae sivishauri hata kidogo. Mistari ya saruji kati yake hujaa udongo usiotoka kwa sponji, na alama zake huchapwa chini ya kila sahani inayosukumwa hapo. Bati nalo hufutika vizuri, lakini udongo mbichi huling'ang'ania, nalo lile jembamba hubonyea na kushika kutu kwenye kingo.

Kosa ni kutafuta uso mmoja wa kazi zote. Pa kukandia panataka uso unaonyonya maji, la sivyo udongo utaganda. Mwageni bamba la zege la sentimita 60 kwa 60, lililolainishwa kwa mwiko bila rangi wala niru, yaani uji wa saruji tupu, maana niru huziba vinyweleo. Wako wanaopenda jasi kwa sababu hunyonya haraka, lakini kipande chake kidogo kikimeguka na kuingia kwenye udongo, huja kunyonya unyevu baada ya chungu kuchomwa, kikavimba na kubandua ukuta wa chungu. Kwenye karakana ya watoto wenye vijiti na visu vya kuchongea, mimi nisingeiweka.

Pa kupakia rangi za kung'arisha panataka kinyume chake, yaani uso usionyonya chochote, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo zina madini yanayodhuru kama manganizi na kobalti. Plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, iliyobandikwa fomika inatosha, mradi iwe kipande kimoja na kingo zake zizibwe kwa silikoni. Maji yakipenya ubavuni, fomika itabanduka.

Kila jioni kwangueni mabaki yangali na unyevu, kisha futeni kwa sponji na ndoo mbili, moja ya kuoshea sponji na nyingine ya kuisuuzia. Futeni pia miguu ya meza na rafu ya chini, mahali panaposahauliwa sana, halafu mpige deki sakafu. Maji hayo msiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Yaacheni yatuame usiku kucha, asubuhi mwageni yale ya juu taratibu, na udongo uliobaki chini ya ndoo muuanike juu ya zege lile lile la kukandia hadi ukandike tena.