Mama anauliza kitu kilekile, ni uzee tu?

SWALI: Shikamoo dokta, mama yangu ana miaka 71, siku hizi anauliza kitu kilekile mara kibao na juzi kasahau maharage jikoni mpaka yakaungua, ndugu wanasema ni uzee tu, kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, msiishie hapo. Mpelekeni apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, na mbebe dawa zote anazomeza, maana kuna usahaulifu unaotibika kabisa. Halafu masikio jamani, watu wanayapuuza mno! Ripoti ya 2024 ya Lancet, jarida la kitabibu, imeuweka usikivu hafifu kwenye vihatarishi 14 ambavyo vikidhibitiwa karibu asilimia 45 ya dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ingezuilika au kuchelewa. Na akirudia swali msimgombeze, mjibuni tu.